Aliyemlea Mino

Kimotho mwenye bucha alitaka ng'ombe anayecheka. Ndunda alishuka ngazi na brashi mkononi, akamtazama aone kama ni mzaha, akaona si mzaha.

"Mzee, ng'ombe haichekangi," alisema. "Na hii yako inaenda kuchinjwa. Inacheka nini?"

"Wewe chora. Mteja akiona ng'ombe imenuna, ataona hata nyama imenuna."

Ndunda alikuwa fundi wa maandishi, na kuta za mji wa Machakos zilimjua. Alichora vibao vya maduka, majina ya kinyozi na ya kanisa, vifua vya malori. Hakuna aliyemfundisha kazi hiyo, wala hakuna aliyemfundisha kutunga mashairi. Alijifunza vina kwa masikio na mizani kwa vidole, akahesabu mpaka ikamkaa. Mwenye lori akija kutaka jina tu, alipewa jina na mistari miwili ya shairi juu yake bila malipo, apende asipende. Anayeomba mistari ifutwe aliambiwa atafute fundi mwingine, kama yuko.

Lakini ng'ombe anayecheka hakuwa amewahi kumchora. Alitoa simu mfukoni akatafuta picha za vichwa vya mafahali. Zikaja nyingi, na katikati yake ikaja moja ambayo haikuwa ya ng'ombe wala ya mtu. Mabega, mikono na miguu ilikuwa ya mwanamume. Kichwa kilikuwa cha fahali. Alisimama peke yake katika kichochoro chenye giza, na chini yake jina: Minotauro.

Brashi ilidondosha rangi kwenye kiatu chake, asijue. Kisa cha kiumbe kama kile alikuwa amekisikia kwa mdomo wa mtu mmoja tu maishani mwake.

Akaketi juu ya mkebe wa rangi, akasoma. Yale maandishi yalianza kwa kulifungua jina lenyewe. Tauro ni fahali kwa Kigiriki. Mino alikuwa mfalme wa kisiwa cha Krete, ingawa wako wanaosema huenda Mino kilikuwa cheo cha wafalme wote wa huko. Basi jina lote lile la kutisha, lililowatetemesha watu wa zamani, halikuwa na maana kubwa kuliko hii: Ng'ombe wa Mino. Kama vile mtu angesema mbuzi wa jirani.

Na hapo Ndunda hakuwa tena mjini. Alikuwa kwao Ndithini, miguu peku, kaptula imechanika, na nyuma yake sauti za watoto waliotoka naye shule.

"Ng'ombe ya Wambugu! Ng'ombe ya Wambugu!"

Baba yake mzazi aliitwa Ngumbau. Alifukiwa na ukingo wa mto akipakia mchanga, Ndunda akiwa bado mgongoni mwa mama yake, Kavindu. Miaka michache ikapita, Kavindu akaolewa na Bartholomew Wambugu, mtu wa upande wa Murang'a aliyefika Ndithini na plau moja na jozi ya ng'ombe kulimia watu mashamba, akaipenda ardhi ile, akanunua kipande, hakurudi kwao. Hawakujaliwa mtoto pamoja. Kwa hiyo watoto wa Ndithini walikuwa na wimbo wao. Mtu akinunua ng'ombe mwenye ndama katika soko la Kithyoko, walisema, ndama huongezwa bure. Wambugu amenunua mama, akaongezwa Ndunda.

Siku moja alipigana nao wote kwa mkupuo, akafika nyumbani pua inavuja damu. Wambugu alimtazama tu. Hakumwosha, hakumgombeza. Alimpa kamba.

"Kuja uongoze."

Ulikuwa mwezi wa kumi, kabla ya mvua. Lo, harufu ile! Hata leo, akifungua mkebe mpya wa rangi nyekundu, Ndunda huitafuta harufu ile asiipate: vumbi la moto, jasho la ng'ombe, ngozi ya nira, na udongo wa chini unaopinduliwa ukiwa bado baridi. Yeye alitembea mbele na kamba, Wambugu nyuma ameshika plau, na katikati yao ng'ombe wawili, Tajiri mwekundu na Njata mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Njata kwa Kikikuyu ni nyota. Wambugu hakuwa na mjeledi. Alikuwa na majina tu. Alikuwa akisema, "Njata, panda," kwa sauti ya mtu anayeongea na mgeni wake mezani, na Njata alikuwa akiupanda mwinuko. Alikuwa akisema, "Tajiri, ngoja mwenzako," na Tajiri alikuwa akingoja. Watu wengine walipiga kelele mashambani mpaka jua likazama. Kwa Wambugu kulikuwa na majina na mlio wa chuma kikikata ardhi.

Walipopumzika, Wambugu alikaa juu ya plau akafuta shingo.

"Kuna padri mmoja nilimlimia shamba la misheni zamani," alisema. "Alipenda sana kutazama ng'ombe wangu. Akanipa hadithi ya kwao Ulaya. Kulikuwa na mtu mwenye kichwa cha fahali. Walimfungia katika nyumba ya vichochoro, ukiingia hujui kutoka, wakamwita Ng'ombe wa Mino. Unajua ni kwa nini?"

"Alikuwa ng'ombe."

"Mino ndiye alikuwa mwenye boma. Sasa walimwogopa, wakamwita hivyo, mpaka dunia yote ikamwita hivyo. Lakini alikuwa amepewa jina kama mtoto yeyote. Jina gani?"

"Sijui."

Wambugu alinyoosha kidole kwenye lile doa jeupe. "Asterio. Maana yake ni mwenye nyota. Njata, kama huyu wetu." Akachukua udongo, akausaga kiganjani. "Mtu akikuita kwa jina la mwenye boma, jua hakujui. Usimpige. Mtu hapigwi kwa kutojua."

"Na mimi jina langu ni nani?"

"Ndunda wa Ngumbau. Ulikuja kwangu nalo, na utatoka nalo. Haya, shika kamba, jua linaenda."

Hiyo ndiyo hadithi aliyopewa, na ilimtosha kukulia. Tangu siku ile wakimwita Ng'ombe ya Wambugu alitembea kichwa juu, na kiburi kile, mke wake Linet husema, hakijawahi kushuka hata kwa bahati mbaya.

Lakini maandishi kwenye simu hayakuishia pale padri na Wambugu walipoishia. Ndunda aliyasogeza kwa kidole chenye rangi. Yalisema aster ni nyota kwa Kigiriki, na kwamba hata ile alama ya nyota watu wanayobonyeza kwenye simu kuangalia salio, Wazungu huiita kwa neno lililozaliwa humo. Halafu yakasema Asterio halikuwa jina jipya. Lilikuwa la mfalme wa Krete kabla ya Mino. Huyo mfalme alimwoa Europa, mwanamke aliyefika kisiwani akazaa wana ambao hawakuwa wa damu ya mfalme. Aliwalea kama wake. Wengine husema alikufa bila mtoto wa damu yake. Mmoja wa wana wale wa kulea alikuwa Mino.

Ndunda alirudia mstari ule. Mino mwenyewe alikuja na mama yake! Na katika nyumba ya Mino alipozaliwa yule mtoto aliyeogopwa na wote, alipewa jina la babu. Si babu wa damu. Babu aliyelea.

Alikaa juu ya mkebe mpaka rangi iliyo wazi ikaota ngozi.

"Fundi!" Kimotho aliita kutoka ndani. "Uliniambia ng'ombe haichekangi, kumbe ni wewe ulikuwa unataka kulia?"

"Ni rangi. Inachoma macho."

Haikuwa rangi. Ni kwamba kesho yake ilikuwa siku ya nne.

Linet alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, kifungua mimba. Kwa Wakamba wa zamani, mtoto kabla ya siku ya nne si mtu bado. Ni kiimu, wa upande wa mizimu, kiumbe asiye na mwenyewe. Siku ya nne wanawake wa ukoo humbeba, mmoja wao hutamka jina, na jina hilo ndilo humvusha kuja kwa watu. Siku hizi wengi wamesahau, lakini shangazi Kavutha hakusahau kitu. Na mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake, kwa Mkamba na kwa Mkikuyu vilevile. Hilo halikuwa na mjadala. Mjadala ulikuwa baba yupi, na mjadala huo haukufanywa na mtu. Kavutha, dada yake marehemu Ngumbau, alipopigiwa simu Kithyoko kuambiwa mtoto amezaliwa, alipiga vigelegele na kusema, "Ngumbau amerudi!" Wambugu alipopigiwa, aliuliza kama Linet anakula vizuri.

Mtoto wa mzee duniani alikuwa Ndunda peke yake. Jina lake lisipotamkwa kesho, lingezikwa naye. Na jina likishatamkwa si rangi ya ukutani, halifutwi.

Siku ya nne walikuja Mumbuni, kwenye nyumba ya kupanga ya Ndunda. Kavutha alifika wa kwanza akiwa na kuku chini ya kwapa na sauti iliyotangulia mlango. Kavindu na Wambugu walifika kutoka Ndithini. Mzee alivaa koti la kanisani na kofia, na alibeba mfuko wa njahi, yale maharagwe meusi, alizokuwa amezichagua moja moja, kwa maana kwao mwanamke aliyejifungua hupewa njahi. Alimkabidhi Ndunda mfuko huo mlangoni, akakataa kuingia.

"Hiyo ni shughuli ya wanawake. Mimi nitakaa hapa barazani kidogo, kisha niende. Ng'ombe wamebaki na jirani."

"Baba, hujamwona hata mtoto."

"Nitamwona akiwa na jina. Mgeni hasalimiwi bila jina." Akaketi kwenye stuli, kofia kwenye magoti. Alikuwa amekonda. Ile mikono iliyoshika plau ilitetemeka kidogo juu ya kofia, na Ndunda akatazama pembeni.

Ndani kulikuwa na kicheko. Kavutha alikuwa akimweleza Linet jinsi Ngumbau alivyokuwa akicheza mpira, alivyokuwa na meno yenye mwanya, na jinsi mtoto huyu, hata kabla ya meno, alikuwa na mwanya uleule. Ndunda alisikiliza akiwa nje ya pazia. Alikuwa na maneno tayari, ameyapanga tangu alfajiri kama beti. Akasukuma pazia.

"Eh!" Kavutha alishangaa. "Mwanaume anatafuta nini hapa? Umekuja kunyonyesha?"

"Nimekuja kusema kitu, shangazi, kabla jina halijatamkwa."

"Sema utoke."

Akaanza. Na yule aliyeweza kuweka mistari miwili kwenye lori likiwa linaondoka, maneno yalimpotea. Alianza na mfalme Mino.

"Mfalme wa wapi?" Kavutha aliuliza.

"Krete."

"Krete iko Makueni?"

Linet alicheka akishika tumbo. "Anti, tafadhali, unanifungua nyuzi."

"Ni kisiwa," Ndunda alisema, uso umemchemka. "Kulikuwa na mtoto huko, alizaliwa na kichwa cha ng'ombe..."

"Hapa kuna mtoto wa siku nne na unatuletea hadithi ya zimwi!"

"Zimwi hilo lilipewa jina, shangazi! Hata hilo! Na jina lilitoka kwa mtu aliyemlea Mino, si aliyemzaa. Hakumzaa lakini alimlea, na alipokuja mjukuu hawakuuliza damu ni ya nani." Sauti ilimpanda. "Huyo mtu yuko hapo nje ameketi kwenye stuli na kofia yake magotini, anangoja kwenda nyumbani kulisha ng'ombe."

Kicheko kilikatika. Kavutha aliweka chini kikombe cha chai.

"Unataka mtoto wa Ngumbau aitwe Wambugu."

"Ndiyo."

"Nisikilize vizuri." Hakupaza sauti sasa, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ndugu yangu alimezwa na mchanga. Tulimchimbua kwa mikono, mimi nikiwa mmoja wao. Niko na kucha mbili ambazo hazikurudi sawasawa mpaka leo. Hakuacha nyumba, hakuacha mbuzi. Aliacha wewe. Nimengoja wewe ukue, uoe, uzae, jina lake lirudi nyumbani. Wambugu ni mtu mzuri, sikatai. Lakini nikilala, ndugu yangu akiniuliza jina lake liko wapi, nimwambie nini? Krete?"

Katika mashairi yote ya Ndunda hapakuwa na mstari wa kumjibu mwanamke aliyekosa kucha kwa sababu hiyo.

Kavindu, aliyekuwa amembeba mtoto pembeni tangu afike, aliinua macho.

"Kavutha, huyu mwanaume mbele yako anaitwa nani?"

"Si ni Ndunda."

"Ndunda nani?"

"Ndunda Ngumbau."

"Nani alimwita hivyo?"

Kavutha alitazama pazia la mlango.

"Nilipompeleka shule mara ya kwanza, Wambugu alitusindikiza," Kavindu alisema. "Mwalimu akauliza jina la baba. Mimi nilikuwa tayari kusema Wambugu. Ni yeye alikuwa amenunua hiyo yunifomu, ni yeye alikuwa amesimama hapo. Yeye akasema, Ngumbau. Kwa ubatizo padri akauliza tena, Ngumbau ndiye wewe? Akasema, hapana, Ngumbau ni baba yake, mimi nimemleta tu. Watoto walikuwa wanamcheka Ndunda kila siku. Nikamwambia Wambugu, mpe jina lako, watanyamaza. Nililia hata. Alikataa. Aliniambia, yule mtu hana kitu kingine kilichobaki juu ya ardhi. Nitamnyang'anyaje?"

Ndunda alishika fremu ya mlango. Hilo hakuwahi kuambiwa. Alifikiri jina lake lilikuwa lake tu kama pua yake, lilikuwa limekuja lenyewe na kukaa. Hakujua kuna mtu aliyelishikilia.

"Jina la ndugu yako halijapotea, Kavutha," mama yake aliendelea polepole. "Limekuwa kwa nyumba ya huyo mzee miaka hiyo yote. Limelishwa, limesomeshwa, sasa limeandikwa kwa kila ukuta wa Machakos, maana huyu kijana wako hawezi kuchora hata choo bila kuweka sahihi. Sasa la mwenye nyumba litalala wapi?"

Kuku wa Kavutha, miguu imefungwa kando ya kochi, alipiga bawa moja akatulia.

Kavutha alisimama, akajifunga leso upya kiunoni, akanyoosha mikono. Kavindu akampa mtoto. Alimtazama sana, akaigusa midomo yake kwa kidole kile cha kucha mbovu, mahali alipokuwa ameona mwanya.

"Wewe si kiimu tena," alisema. Akamwinua juu kidogo, akaanza upya kwa nguvu hata nje wasikie. "Wewe si kiimu tena. Wewe ni Wambugu!"

Kavindu alipiga vigelegele. Kavutha alifuta macho kwa pembe ya leso na kumgeukia Linet kana kwamba ni yeye amemkosea.

"Na wa pili ni Ngumbau. Usinicheleweshe."

"Anti! Hata huyu kitovu hakijaanguka!"

Ndunda alimchukua mwanawe na kutoka naye barazani. Mzee alikuwa amesimama, kofia kichwani, anatazama barabara. Vigelegele alikuwa amevisikia. Jina huenda alilisikia, huenda masikio yake hayakuliamini.

"Baba," Ndunda alisema, "msalimie Wambugu."

Mzee aligeuka na kutazama nyuma yake, kama mtu anayetafuta Wambugu mwingine aliyefika bila yeye kumwona. Hakukuwa na mtu. Akavua kofia. Akaketi kwenye stuli taratibu, na Ndunda akamwekea mtoto mapajani. Ile mikono iliacha kutetemeka, kwa maana ilikuwa imepata cha kushika.

Ndunda alichuchumaa mbele yao kama alivyokuwa akichuchumaa zamani kando ya plau.

"Yule padri," aliuliza, "alikwambia jina Asterio lilitoka kwa nani?"

Mzee alikuwa akimtazama mtoto kwenye paji la uso, kwa makini, kama anayetafuta doa jeupe.

"Aliniambia."

"Na mimi hukuniambia. Miaka yote hiyo."

"Ningekwambiaje, mwanangu?" mzee alisema. "Ingekuwa ni kuomba."

Mtoto alijinyoosha, akakunja uso, akasukuma kisigino kwenye koti la kanisani. Wambugu mkubwa aliinama mpaka pumzi zao zikagusana, na kwa sauti ile ya mtu anayeongea na mgeni wake mezani, sauti iliyokuwa ikifungua ardhi ya Ndithini kabla ya mvua, akamwita.

"Haya, Wambugu. Panda."